Sahani ya Bluu

Jumatatu
Wali mweupe, maharage kwenye bakuli lake. Haragwe moja limeruka, likatua kwenye wali. Nimelitoa kwa kijiko. Mwanangu ana miaka 6 na anakumbuka lilipotua. Nimepika wali mwingine.

Jumanne
Sahani ya bluu imepasuka. Nimezunguka Kariakoo kwa saa mbili. Zipo nyekundu, za kijani, na bluu yenye maua. Nimenunua yenye maua. Mwanangu hali juu ya maua. Chapati ameilia mkononi, vipande vinne, kama kawaida.

Jumatano
Kliniki. Mtaalamu ameeleza kwamba si ukaidi: kwa wengi wenye usonji, ulimi na pua huhisi kupita kiasi. Mchicha ninaouona laini, kwake ni utelezi mtupu. Tusimlazimishe. Chakula kipya kikae karibu yake, kidogo tu, tena na tena. Huenda ikafika mara 10 au zaidi kabla hajakionja. Hata Leo Kanner, alipoeleza habari za watoto 11 mwaka 1943, aliandika kuhusu shida za kula. Nimefarijika: vita yetu ya wali ina zaidi ya miaka 80.
Nimemuuliza mtaalamu: na mama mkwe tumweke wapi? Hakujibu.

Alhamisi
Biskuti zake zimebadilishwa karatasi. Ndani ni zile zile. Nimefukua pakiti ya zamani kwenye ndoo ya taka, nikaipangusa, nikazihamishia humo. Amenusa pakiti, akanitazama. Hajala.

Ijumaa
Jirani amekaanga dagaa. Mwanangu amehamia chumbani na wali wake, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga ya mama yake. "Shemeji, mnamdekeza," jirani akasema. "Mnyime siku moja, njaa itamfundisha." Nimemweleza kwamba baadhi ya wenye usonji njaa yenyewe hawaisikii vizuri. Akaguna, akanipa dagaa.

Jumamosi
Mama mkwe ameleta wali wa nazi. "Si wali huo huo tu?" Si huo huo. Mjukuu ameusukuma hadi ukingoni mwa meza. Bibi akasikitika, kisha akagoma kunywa chai mpaka kilipopatikana kikombe chake cha bati. Yeye hakuna aliyempeleka kliniki.

Jumapili
Kipande cha embe kwenye kisahani cha pembeni, siku ya 9. Leo amekigusa, akanusa kidole, akakifuta kwenye shati langu jeupe. Kwa maelezo ya mtaalamu, hiyo ni hatua. Nimeiandika. Embe nimekula mimi. Shati nimeliloweka.