Wajerumani Wangu Saa Kumi

Ukisoma tangazo lililobandikwa mlangoni pa maktaba yetu, utadhani chuo hiki ni kikubwa kama mji. Jumamosi ijayo: asubuhi kongamano la kitaaluma kuhusu maji ya visima, mchana bonanza la michezo, jioni tamthiliya ya Kinjeketile. Tangazo lina muhuri, lina saini ya kaimu wa kaimu, na nembo ya chuo imechapwa kwa wino uliokuwa ukingoni. Lililosahaulika ni moja tu, kwamba shughuli zote tatu zinaendeshwa na watu walewale, kwa ukumbi mmoja, spika moja na viti vilevile vya plastiki, ambavyo vinashinda vikibebwa kichwani kutoka ukumbini kwenda uwanjani na kurudi.

Wenzetu wa Mlimani wana Ukumbi wa Nkrumah, jengo lililopata hadhi ya kuchorwa kwenye noti ya shilingi 500. Wetu hata kwenye risiti haujawahi kutokea. Asubuhi ni darasa, mchana bwalo, masika ni mahali pa kuanikia jezi. Bati lake halina dari, kwa hiyo mhadhiri mwenye busara huangalia mawingu kabla ya kuandaa mada. Mwaka jana profesa mgeni alikuwa anahitimisha mada yake kuhusu ukame, mvua ikashuka. Tukabaki kuangalia midomo inavyocheza. Alipoinama kutoa shukrani tulimpigia makofi ya nguvu, na nasikia huko kwao anatusifu kwamba sisi ni wasikilizaji wa aina yake.

Safari hii hofu yangu iko kwenye bango. Kamati ya kongamano imemleta fundi akagongelea juu ya jukwaa kitambaa cha buluu, kutoka ukuta hadi ukuta, kimeandikwa MAJI SALAMA KWA WOTE, na imeagiza kisiguswe mpaka Jumatatu. Sasa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Maana yake shujaa wetu atasimama chini ya bango hilohilo na kuwaahidi wananchi maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Binti anayeongoza mchezo, mwaka wa tatu huyo, ana sauti ya kusimamisha basi, na amesema hang'oi msumari hata mmoja, mandhari ya bure hayakataliwi.

Juzi mhandisi wa maji, mmoja wa watoa mada, alikuja kukagua ukumbi akakuta mazoezi yamekolea. Kijana ananyunyiza, wenzake wanaitikia, ngoma inalia. Mhandisi akasogea taratibu mpaka sikioni kwangu.

"Samahani mwalimu, hayo maji yamepimwa?"

Nikamwambia yalipimwa Mahenge, Agosti 1905, na majibu hayakuwa mazuri. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, ila kwenye mada yake sasa kuna slaidi mpya.

Mgogoro mkubwa lakini ni wa watu. Kinjeketile ndiye golikipa wetu. Wajerumani ni mabeki, na msimulizi ni winga wa kushoto. Sheria za soka haziruhusu mechi kuanza timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba, na mlezi wa michezo, ambaye barua za chuo hazisomi, kifungu hicho anakijua kwa kichwa. Jumatano binti alimkuta kwenye kimbweta.

"Shikamoo mwalimu. Nakuomba Wajerumani wangu saa kumi."

"Marahaba, binti yangu. Saa kumi Wajerumani wako watakuwa wanazuia kona."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wamekubaliana mabeki waingie uwanjani wakiwa wameshapakwa unga wa sembe usoni, ili filimbi ya mwisho ikilia waende moja kwa moja kutawala koloni. Mimi nimenyamaza, ingawa mtu yeyote aliyewahi kusonga anajua unga ukikutana na jasho na jua la saa tisa, kipindi cha pili watakuwa wameiva.

Halafu kuna mita 1500. Mbio hizi nchini kwetu zina heshima yake, maana mwaka 1974 kule Christchurch Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe. Mlezi wa michezo anawataka vijana wetu nao waongoze tangu mwanzo. Wote. Uwanja hauna mistari, na mzunguko ulipimwa kwa kamba ya kuanikia nguo ya bweni la wasichana, kamba ya nailoni inayorefuka kulingana na nani anaivuta. Tena njia ya sokoni inakatiza kona ya mbali. Mwaka jana mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani aliingia katikati ya wakimbiaji, akasikia vigelegele, akadhani ni vyake, akaongeza mwendo. Alishika nafasi ya tatu bila kumwaga dagaa hata mmoja. Alipovishwa medali aliigeuza huku na huku, akauliza kama haiwezekani apewe nauli badala yake.

Mtu niliyekuwa sina wasiwasi naye ni mgeni rasmi. Ni mmoja kwa shughuli zote, tumembania bajeti: afungue kongamano, apige penati ya ufunguzi, abaki kwa tamthiliya. Risala zimeshaandikwa, na mshereheshaji ameshaanza kufanya mazoezi ya kusema "itifaki imezingatiwa" akiviangalia viti vitupu. Leo asubuhi ofisi ya mheshimiwa imepiga simu: Jumamosi ana dharura, Jumapili je?

Kamati imekaa kikao cha dharura. Jumapili ukumbi umekodishwa kwa harusi, na baba wa bibi harusi ameshalipa zote, ameshakula na chenji ya kamati kwa kuomba punguzo. Katibu akashauri tumrudishie pesa, mhasibu akacheka peke yake kwa muda mrefu. Mwenyekiti amekuna kichwa, kisha akatuuliza kama kuna anayejua, huyo bibi harusi anapenda tamthiliya?