Kasida ya Kutu

Watu wa pwani hatujawahi kuwa wachoyo wa sifa. Tumeusifu mnazi kuanzia mizizi hadi kilele, tumelisifu jahazi, tumemsifu bibi harusi kabla hata hajafunuliwa uso. Kutu peke yake imeachwa ijisemee, nayo kwa adabu zake haijawahi kutamka neno. Inakula kimya. Ndiyo maana nimejitolea leo, kwa kuwa nimekaa nayo ua mmoja miaka 4, na jirani ukikaa naye miaka 4 bila kumtaja kwa jema, watu wataanza kukutazama wewe.

Tulikutanishwa na Land Rover. Ni mia na tisa, chasisi ndefu, ya mwaka 1970. Enzi zake ilimbeba meneja wa shamba la mkonge huku Tanga, kisha ikabeba wauguzi, kisha mahindi, mwisho ikaegeshwa chini ya mwembe ikabeba kuku. Nilipoikuta, kwenye kiti cha abiria palikuwa na mayai 6, na mwenyewe akanitahadharisha kwamba mayai hayamo kwenye bei. Nikalipa, nikaikokota kwa trekta hadi nyumbani. Mama Zuhura akatoka barazani, akaizunguka mara moja, akauliza, "Baba Zuhura, na gari lenyewe linakuja lini?"

Gari lenyewe lilikuwemo, ila kutu ilikuwa imelitangulia kukaa.

Sifa yake kubwa ni kusema kweli. Fundi alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge chasisi kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, nisikilize. Chuma kizima kinajibu: ngo, ngo, ngo. Nilipofika karibu na tangi la mafuta kikanijibu: pfu. Nikachokoa kwa bisibisi, ikazama hadi mpini kama kijiti kwenye papai bivu. Nilipoichomoa yakamwagika magamba membamba ya kahawia, mfano wa majani ya chai, ndoo nzima, na katikati yake mna nyumba ya nyigu na nyuzi za mkonge. Kwa nje boriti hilo lilikuwa jeusi, linang'aa, limepakwa lami na mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Chasisi ya Land Rover ni kama bomba la pembe nne, mabamba manne yaliyochomelewa kingo kwa kingo. Matope yanaingia kwa matundu, yanakaa, na kutu inafanya kazi yake ndani ambako hakuna mwenye kuchungulia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwa na Land Rover.

Linganisha na puti. Puti ni mnafiki. Nguzo ya mlango wa dereva ilikuwa laini kama shavu la mtoto mpaka fundi alipoipitishia grinda, na chini ya rangi tukakuta puti, chini ya puti kipande cha gunia, chini ya gunia saruji. Saruji! Kuna mtu alijenga. Fundi akaizima grinda, akavua miwani, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Huyu alikuwa mwashi, mwalimu." Na ni kutu iliyomfichua. Isingeisukuma ile rangi kutoka ndani ikafanya kijipele kidogo, mpaka leo ningekuwa naendesha nyumba.

Wapo waliodhani wameipatia dawa. Mwaka 1948, mwezi Aprili, Kampuni ya Rover ilipeleka gari la kwanza la aina hii kwenye maonyesho ya Amsterdam. Maurice Wilks, aliyekuwa na Jeep ya Wamarekani shambani kwake kisiwani Anglesey, alitaka gari la mkulima, na chuma Uingereza baada ya vita kilikuwa cha mgao. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi bodi likatengenezwa kwa alumini, ndugu wa sufuria zetu, na watu wakashangilia gari lisilooza. Kutu ikacheka. Chasisi ilibaki chuma, na ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ukabaki chuma, na humo ndimo ilimohamia na familia yake yote. Tena ikapata na mshirika: alumini ikilala ubavuni mwa chuma, katikati pakawa na unyevu na chumvi kidogo, basi inayoliwa ni alumini, inageuka unga mweupe kama wa muhogo. Sisi wa Tanga chumvi hatuinunui, inakuja na upepo wa bahari jioni bila malipo.

Alumini nayo huota kutu yake, nisiionee, lakini kutu ya alumini ni ngozi nyembamba inayong'ang'ania na kuifungia hewa nje. Kutu ya chuma haina uchoyo huo. Inabanduka, inaanguka chini, inaiachia hewa na maji nafasi ya kuendelea kula. Mgeni anayemaliza sahani akasogea awapishe wenzake nani asiyempenda?

Sakafu ya miguu ya dereva ilikuwa na tundu la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Siku ya kwanza tulipoifufua injini nikalizungusha gari mtaani, nikapita dimbwi moja tu, nikarudi nyumbani nimetia udhu miguu yote miwili.

Lakini nikitaka kuieleza kutu kwa mtu asiyeijua, simpeleki sakafuni. Nampeleka kwenye bolti ya springi ya mbele, upande wa kushoto. Bolti hiyo inapita ndani ya bushi, na bushi ni raba yenye kikoa cha chuma katikati. Bolti na kikoa vilikuwa vimeoana. Ukikaza spana ukazungusha, bolti inakubali, raba inajisokota nayo, moyo unakufurahi. Ukiachia, inarudi ilipokuwa, kama haijakusikia. Siku ya kwanza tukainywesha dizeli. Siku ya pili mafuta ya breki. Siku ya tatu moto, raba ikawaka, moshi mweusi ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za jirani, nami nikatumia saa nzima ya mchana wa Ijumaa kuomba radhi. Siku ya nne vijana wawili walipokezana nyundo ya ratili kumi na nne huku mzee wa nyumba ya pili akiwahesabia kwa sauti, kama refa. Bolti haikutoka hata unene wa karatasi.

Siri yake ni kwamba kutu inataka nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Inavimba. Inajaza kila upenyo, inasukuma kila upande, mpaka vitu viwili vilivyoletwa pamoja na kiwanda tu, bila mapenzi yoyote, vinakuwa mwili mmoja. Nimehudhuria ndoa nyingi mjini hapa, nimekula pilau lake, na sijaona hata moja iliyofungwa namna hiyo. Fundi ndiye aliyetoa hukumu: "Hii haina talaka, mwalimu. Ni kukata." Akachukua grinda akakata, na cheche zikaruka mpaka mlango wa jikoni.

Kuna kitu kimoja tu ndani ya gari ambacho kutu inakiheshimu, nacho ni uvujaji. Chini ya injini na giaboksi, ambako oili imekuwa ikidondoka kwa miaka zaidi ya 50, chasisi ni nzima kabisa. Ukiifuta kwa kitambaa unakutana na rangi ya kiwandani. Hawa wawili ni wake wenza, mmoja akilala huku mwenzake halali. Tangu nione hivyo sizibi tena kinachovuja nyuma ya injini. Naweka kisahani.

Tena kutu ni mwajiri. Tangu ihamie kwangu imemlisha fundi na msaidizi wake, muuza vijiti vya kuchomelea, kijana wa bodaboda anayetumwa spea, na mama wa chapati wa kona ambaye hujua kuwa leo kuna kazi kwa kusikia grinda, akaongeza unga. Siku ya kuchomelea yuniti za umeme zinashuka kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Mara moja taa za mtaa mzima zilififia palepale penalti ilipowekwa, na yule mzee wa nyumba ya pili, refa wangu, hakunisemesha kwa juma zima.

Inalinda mali pia. Kabla sijawa na gari hili nilikuwa na gari zima, na sikuwa nalo, kwa kuwa kila Jumamosi lilikuwa harusini kwa mtu. Sasa shemeji akija na maneno matamu, "Shemeji, tunaomba tu kumpeleka bibi harusi," namfungulia mlango kwa ukarimu wote aingie mwenyewe. Aliyejaribu wa mwisho aliingia na kanzu nyeupe ya hariri. Alitoka na ramani ya Afrika mgongoni. Hajarudi, na salamu zake huletwa na watu.

Nami nimejifunza adabu kwa kutu. Vitu vidogo, yaani nati, bawaba, vishikizo vya mlango, nimeacha kuvipiga. Navilaza usiku katika bakuli la maji ya ndimu, asubuhi kutu imelegea yenyewe, nasugua kwa mswaki mkuukuu, nasuuza, nakausha haraka kabla haijapata habari. Ukwaju nao unafaa. Tatizo ni kwamba ndimu hizo zina mwenyewe. Kuna Ijumaa moja tulikula nguru wa kukaanga asiye na ndimu hata tone, na Mama Zuhura akanisogezea bakuli la nati mezani, taratibu, kama kitoweo.

Kuna wanaokosa adabu. Huko Uingereza wenye Land Rover kuukuu huichukua chasisi nzima wakaizamisha kwenye zinki iliyoyeyuka, joto nyuzi 450 hivi, ikatoka ya kijivu na kutu isiguse tena kwa miaka mingi. Nimeona picha. Ni kama kumfungia mgeni mlango na kumwekea mbwa. Sisi tunatumia oili chafu. Tunaipuliza ndani ya chasisi kwa bomba la kunyunyizia mikorosho, inavuja siku tatu, kuku wanapita chini wanakuwa weusi, na kutu inaambiwa tu kwa upole kuwa isubiri.

Ina ukoo mkubwa pia, usidhani imetokea barabarani. Udongo mwekundu unaoharibu viatu ukipanda Lushoto ni ndugu yake. Ngeu wanayojipaka morani ni ndugu yake. Na mawe yaliyoyeyushwa kwa mkaa na mivukuto pale Katuruka, karibu na Bukoba, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, yalikuwa chuma kilichoshikana na oksijeni, kama kutu ilivyo. Walichofanya wale wahunzi ni kuvitenganisha viwili hivyo kwa moto. Viwanda vya Ulaya baadaye vilifanya hilohilo kwa tanuri kubwa zaidi. Chuma hakijawahi kuridhika. Kipe hewa na maji tu kitafunga safari ya kurudi kwao, na Land Rover yangu ni kituo cha njiani. Nilimweleza fundi mambo haya siku moja tukiwa chini ya gari. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Vijana wa chuma chakavu hawana haja ya somo hilo. Wanapita kila Jumatano na mkokoteni na mizani, wanasimama nje ya ua, wanalipima gari kwa macho: alumini ya bodi kwa wasubu sufuria, chasisi kwa kilo. "Shikamoo mzee. Leo unauza?" Marahaba, siuzi. Wananitakia mchana mwema, na naona wazi wanavyohesabu umri wangu, si wa gari.

Mwaka huu tulimaliza chasisi. Boriti la nyuma jipya, sakafu mpya ya bamba la milimita 2, nguzo ya mlango bila saruji, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Nililala chini yake jioni nzima na tochi nikitafuta pa kulaumu, sikupaona. Kisha ikaja masika, mvua siku tatu mfululizo, upepo wa bahari ukiisukuma chini ya turubai. Asubuhi ya nne nikaingia chini tena. Nyuma ya kishikio cha tangi la mafuta, mahali ambapo brashi yangu haikufika, palikuwa na mchirizi mwembamba wa rangi ya chai, umeshuka kama urefu wa kidole cha shahada, na mwisho wake tone moja bado halijaanguka.

Nikamwita Mama Zuhura. Akainama, akashika goti, akaangalia.

"Karudi mwenzio?"

"Hakuondoka."

Akaenda zake jikoni. Nikamsikia akifungua kabati. Akarudi na ndimu mbili, akaziweka juu ya tairi.

"Hizi tu. Zilizobaki za samaki."