Hapa Akheri Hakuna Gari la Starehe

Ukitaka kujua una ndugu wangapi Akheri, nunua gari lenye bodi nyuma. Si lazima liwe zima. Hata likiwa limelala uani juu ya matofali, atapita mtu, atabisha hodi, atapewa kigoda na chai, atauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, na kikombe kikikaribia kuisha atakohoa kidogo: "Hivi baba Neema, hili likiamka, mifuko kumi ya saruji si linabeba?"

Langu ni Land Rover 109 ya miaka ya 1960, ile ambayo taa zake za mbele zimebanana puani badala ya kukaa mashavuni. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini ni ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo. Gia namba moja na namba mbili haziingii bila kubembelezwa: unakanyaga klachi, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo inakubali, na ikikataa inakutukana kwa sauti ambayo Tengeru yote inasikia. Usajili wake ni namba A. Msomaji wa Tanzania sina haja ya kumweleza. Nchi hii inasoma hadhi ya mtu kwenye ile herufi. Mwenye namba E akifika harusini anaelekezwa pa kuegesha kivulini. Mimi nikifika naulizwa kama maji niliyoleta nimeyatoa kisimani au bombani.

Nilichotaka ni burudani tu. Wapo wenye bao, wapo wenye Simba na Yanga, mimi nina spana. Nikivaa ovaroli langu nikaingia chini ya gari, nikapaka grisi pale na kukaza nati hapa, roho yangu inatulia hata kama gari lenyewe haliwaki. Wala sikubuni jambo hili mimi. Kule Uingereza, lilikotengenezwa gari lenyewe, mtu akiwa na gari lililofikisha miaka 40 anasamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 hata ule ukaguzi wa kila mwaka anasamehewa, ili mradi hajalibadilisha sana. Analifunika kwa turubai safi. Jua likiwaka Jumapili analitoa, analiendesha hadi kwenye uwanja wa nyasi ambako wenzake wameleta ya kwao, wanayatazama, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani. Gari halibebi kitu. Narudia, kwa faida ya majirani zangu: halibebi kitu.

Akheri hatuna utaratibu huo. Hapa gari linalowaka ni la wote, na lisilowaka ni la kuku. Daraja la katikati, la gari ambalo ni la mwenyewe kufurahi nalo, halipo.

Nyumbani kwangu mimi nina funguo, mama Neema ana ratiba. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na ndiyo siku ambayo nafsi yangu huniambia nisafishe kabureta.

"Mama Neema, leo nilitaka kusafisha kabureta."

"Isafishe. Saa moja na nusu wanakuja na mikungu."

"Mikungu ya nani?"

"Ya mama mdogo, na ya yule jirani wa juu. Na ukirudi utapitia viti vya msiba kanisani, nimeshawaambia."

Nauli ya mizigo hii ni neno asante na kichane cha ndizi mshale. Petroli ni yangu, na gari langu halifiki kilomita saba kwa lita moja kwenye mteremko, sembuse kupanda huku na udongo wetu wa masika, ambao ukilowa hata mbuzi anautazama mara mbili. Ukigusia suala la mafuta, unaambiwa kwa upole kwamba marehemu alikupenda sana.

Huwa nafikiria ile filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962. Waliipiga hapa hapa kwetu, Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Yumo John Wayne anawafukuza vifaru na twiga kwa magari ya wazi, vumbi linatimka, mtu amekaa nje, mbele kabisa ya gari. Nimeiangalia filamu ile yote kwa makini ya kifundi. Hakuna mahali ambapo jirani anatokea kichakani, anainua mkono, na kumwambia John Wayne, "Kwa kuwa unaelekea huko, nisaidie magunia mawili ya viazi." Wapiga filamu walificha ukweli wa eneo hili.

Utasema: si useme tu gari ni bovu? Nimejaribu, na hapo ndipo ninapowalaumu Waingereza waziwazi. Land Rover za umri wa langu zina ugonjwa wa hafushafti, ile fimbo ya chuma inayotoa nguvu kwenye difu ya nyuma kuipeleka kwenye gurudumu. Ukiachia klachi kwa hasira kwenye kilima, inakatika. Gari la kawaida hapo lingesimama, na mmiliki angepata wiki mbili za amani. Hili halisimami. Unachomoa hafushafti iliyokatika, unabonyeza kile kirungu cha njano kando ya gia, magurudumu ya mbele yanapokea kazi, unarudi nyumbani polepole ukiwa na mzigo wako wote. Sasa utamwambia nani kwamba gari ni bovu? Kijiji kizima kimeliona likipanda. "Si limekuja lenyewe?" ananiuliza jirani, huku amekwisha kupakia majani ya ng'ombe wake.

Ndiyo maana nina uhusiano wa muda mrefu na mafundi, nao ni kabila la pekee. Fundi wangu mzee ameyatengeneza magari haya tangu yakiwa ya mabwana shamba na vyama vya ushirika vya kahawa. Hasikilizi injini kwa sikio, anaweka ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini kwenye jino, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: "Tapeti." Namheshimu. Tatizo lake ni kalenda. Kila kitu kwake "kimebaki kidogo," na hicho kidogo kinahitaji hela ya kwenda mjini, na mjini kila mara kuna foleni, na foleni haina risiti.

Mafundi vijana wana tatizo jingine. Wamelelewa na magari yanayojieleza yenyewe: unachomeka mashine, gari linakutajia linapoumwa. Langu halina pa kuchomeka kitu. Mwaka fulani kijana mmoja, fundi umeme, alikuja kunifungia betri mpya. Magari karibu yote ya leo, waya wa hasi ndio unaofungwa kwenye bodi. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi ni kinyume: chanya ndiyo inayokaa kwenye bodi. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wazee, akafunga anavyojua yeye. Redio ikatoa moshi katikati ya taarifa ya habari. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akafikiri sana, akasema: "Mzee, hii gari ilifungwa vibaya kutoka kiwandani." Na bado aliomba hela ya ufundi.

Spea nazo zina sarakasi zake. Nikizikosa Unga Limited natuma Kariakoo, nikizikosa Kariakoo namtafuta mtu anayevuka Namanga kwenda Nairobi. Kila ninapokwenda naulizwa swali moja na muuzaji: "Unataka orijino au ya kawaida?" Nasema orijino.

"Hii hapa, orijino kabisa. Ya Uingereza."

"Mbona pakiti imeandikwa India?"

"Hiyo ni pakiti, mzee."

Bora sisi wenyewe wenye ugonjwa huu. Tunajuana: yuko mmoja Usa River, mwingine Maji ya Chai, wawili juu huko Nkoaranga. Pesa kati yetu ni kitu cha aibu kidogo. Kabureta inabadilishwa kwa starta, starta kwa milango miwili, milango kwa beberu, na beberu anaweza kumaliza mwaka amekuwa rejeta. Land Rover ikichinjwa popote kuanzia Ngaramtoni hadi Kikatiti, habari zinatufikia kabla hata mwenye gari hajamaliza kukubaliana bei na mkewe. Tunakwenda kwa sura za msiba kabisa, tunampa pole, huku kila mmoja amekwisha kuona macho ya mwenzake yametua kwenye difu.

Kuna adui mmoja tunayemwogopa pamoja, naye ni mnunuzi wa chuma chakavu. Anapita na mkokoteni na mizani. Land Rover hizi bodi yake ni aluminiamu. Baada ya Vita vya Pili chuma cha bati kilikuwa kwa mgawo kule Uingereza, wakaona watumie kilichopo, na walipolionyesha gari la kwanza mwaka 1948 hawakujua kwamba wanatengeneza masufuria yajayo ya Arusha. Bodi haishiki kutu. Chasisi, ambayo ni chuma, ndiyo inayoliwa chini kwa chini, na wewe unaona gari linang'aa. Huyu bwana wa mizani hupita kwangu mara kwa mara, hugonga mlango wa gari kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza mlio, akatabasamu. Simpendi anavyotabasamu.

Nitakuwa mwongo nikisema gari hili halijawahi kuheshimiwa. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover. Nia ilikuwa kuivunja rekodi ya Wajerumani, waliopanga msafara wa Land Rover 632 mwaka 2018, na waandaaji wetu wakatangaza kwamba zimefika zaidi ya elfu moja. Ghafla kila mtu akawa mtaalamu. Dalali ambaye kabla ya hapo aliniahidi bei ya pikipiki mbili, na moja yake mbovu, akanipigia simu ananiita "bosi." Vijana wakaja kupiga picha wameegemea boneti. Mimi nikanunua rangi, nikapaka bampa, nikaomba ruhusa kwa mama Neema wiki nzima kabla.

Ukatokea msiba. Sina la kusema juu ya msiba, binadamu wote tutapita njia hiyo. Ninachosema ni kwamba wakati Land Rover za Tanzania na za nchi jirani zinapiga honi mjini, yangu ilikuwa na viti vya plastiki, sufuria tatu kubwa na kwaya ya akina mama. Tamasha nililiangalia kwenye simu, nimekaa juu ya boneti, nikingoja wamalize kupakua. Mwimbaji mmoja wa sauti ya pili akachungulia kioo cha simu yangu akauliza, "Kumbe ziko nyingi hivyo? Sasa kwa nini kila siku tunaombana hii moja?"

Wazee wanapenda kulalamika juu ya miaka ya Mwalimu, pale mafuta yalipokuwa adimu na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Mimi peke yangu ndiye ninayeililia sheria ile. Fikiria: serikali yenyewe inakukataza kubeba mzigo wa mtu!

Hata trafiki hawanisaidii. Kuna ile barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, ambako madereva wengi hupigwa tochi kwa mwendo kasi. Mimi sijawahi. Napita upande wa kushoto, bodaboda zinanipita, bajaji inanipita, siku moja alinipita mtu mwenye baiskeli akanipungia mkono. Trafiki wakinisimamisha hukagua stika, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu, breki, honi. Natamani kwa dhati waniandikie kosa kubwa, gari lizuiliwe kituoni hata wiki moja nipumzike. Badala yake mkaguzi huzunguka gari, hurudisha leseni kwa mikono miwili na kusema, "Baba yangu alikuwa nalo kama hili." Halafu huuliza, huku anamwita mwenzake, kama naelekea Usa River na kama mbele kuna nafasi.

Basi naomba wasomaji. Mwenye hafushafti ya nyuma ya kushoto ya Land Rover 109, ile ya meno kumi, isiyokatika na isiyochomelewa, anitafute. Natoa dainamo nzima na jogoo mmoja. Aje siku ya kazi, mama Neema akiwa shambani, na kama gari lake lina nafasi nyuma, nina magunia manne ya mahindi ya watu ya kushusha Tengeru.