Kabla Hujanunua Gari la Juu

Swali la kwanza lijibu kabla hujaanza kutazama picha za magari kwenye simu: hilo tope unalotaka kulivuka liko wapi? Litaje kwa jina la kijiji. Wengi tukiulizwa hivyo tunajibu "huko mikoani", na huko mikoani siku hizi kuna lami. Waliosafiri kwenda Lindi na Mtwara miaka ya tisini wanaikumbuka safari ile: foleni ya kivuko cha Rufiji, kisha udongo mweusi ambao masika ikifika unameza lori mpaka kwenye bodi, abiria wanashuka, wanakoka moto na kupika kando ya njia. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lami ikafuata, na leo kigari cha injini ndogo kinakwenda Kilwa na kurudi bila kunung'unika. Kama tope unaloliogopa ni lile alilokusimulia baba yako, limeshakauka, na hakuna sababu ya kununua tani mbili za chuma ili kulivuka.

Na pale barabara inapokatika kabisa, fowili haina msaada. Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Palipokosekana daraja, shangingi lilisimama foleni moja na basi la abiria.

Lakini ukiwa na jibu la kweli, Mtae kule juu Usambara, Loliondo, au Mlimba wakati wa mvua, basi kaa tuzungumze. Uliza kwanza: mara ngapi kwa mwaka? Anayekwenda kwa bibi Krismasi na Pasaka tu akodi gari pamoja na dereva anayezijua kona za huko. Atafika salama, na fedha inayobaki inatosha kumwezekea bibi nyumba upya. Anayekwenda kila wiki, mkulima, nesi, mwalimu, mnunuzi wa mazao, huyo gari analihitaji, na maswali yanayofuata ni yake.

Je, unachotaka kununua ni gari la juu au ni fowili? Hapa ndipo fedha nyingi inapotea. Harrier ni gari zuri. Linapita matuta ya mtaani bila kukwaruza, linapendeza mbele ya ukumbi wa harusi, na mwenye nalo halali njaa ya heshima. Ila bodi na sakafu yake ni kitu kimoja, kama magari madogo, na hata lile linalozungusha magurudumu yote manne halina gia ya loo. Gari la porini hujengwa juu ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, na huwa na gia boksi ya pili yenye hai na loo. Loo inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, ili upande jiwe polepole bila kuunguza klachi, na ushuke mlima ukishikwa na injini badala ya kukanyaga breki mpaka zitoe moshi. Wanaoshuka kreta ya Ngorongoro wanaijua thamani yake. Kule fowili ni sharti, na barabara yenyewe inakuonyesha sababu.

Ukishalipata, ujue pia wakati wa kuizima fowili. Fowili nyingi za kazi, zile za kuunganisha mwenyewe kwa mkono, hazitakiwi kuunganishwa kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti, na pasipo utelezi wa kuyaachia, mfumo mzima hujikaza mpaka kitu fulani kikatike. Kitu hicho hakiwi cha bei rahisi.

Sasa matairi. Ningekuwa na uwezo ningesimama mlango wa kila yadi niwaambie wanunuzi: punguza fedha ya gari, ongeza ya matairi. Gari la gharama kubwa lenye matairi laini ya mjini litaishia mtaro wa kwanza, na gari la kazi la zamani lenye matairi ya meno makubwa litapita pembeni yake likiwa limebeba magunia na mbuzi. Kisha nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo, ujifunze kuvitumia. Kwenye mchanga mzito, kama ule wa fukwe za Pangani, ukishusha upepo kutoka PSI 32 hadi karibu 18, tairi hutanuka, hukanyaga eneo kubwa zaidi, na gari huelea pale lilipokuwa likijichimbia kaburi. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Hakuna kifaa cha bei ndogo kitakachokufaa kuliko hivyo viwili.

Ule mkonga, bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, nao una kazi yake: unaipa injini hewa ya juu, mbali na vumbi na maji. Gari lenyewe haulizuii kusombwa. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba gari kubwa pamoja na waliomo, na Msimbazi ukifurika pale Jangwani, juu huwezi kuona kama chini bado kuna lami au kumeshakuwa shimo. Hapa nakusihi, ndugu yangu. Watoto wako nyuma wamekaa wakikuamini. Geuza, rudi Magomeni, kunywa chai, subiri. Hakuna gari linalouzwa nchini ambalo limetengenezwa kwa ajili ya kushindana na mto.

Nani atalitengeneza, na wapi? Usimuulize fundi wa Dar. Muulize fundi wa mji wa mwisho kabla lami haijaisha: "Fundi, hili likiniharibikia hapa, unaliweza?" Mtazame usoni anapojibu. Land Cruiser zile za kazi zilitoka 1984, na injini yake ya 1HZ, silinda sita za dizeli, lita 4.2, bila tabo, ilianza 1990. Haina haraka hata kidogo, lakini haitegemei kompyuta kuingiza mafuta, na spea zake utazikuta wilayani karibu na duka la mbolea. Gari jipya lenye sensa kila kona na mito ya upepo badala ya springi linakubembeleza vizuri sana, hadi siku linapolala chini porini likisubiri mtu mwenye kompyuta atoke mjini.

Kodi ipige hesabu kabla ya kuagiza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, injini inayozidi sisi 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, umri mkubwa wa gari una tozo yake, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla iliyokwisha kuvimba. Rangi chagua unayoipenda, vumbi litakuja kuibadilisha.

Halafu, nani atapanda? Mama mwenye magoti mabovu atafikaje kwenye kiti? Weka ngazi ya pembeni siku ileile unayonunua. Na nani mwingine? Swali hili ndilo wanunuzi wanalolisahau, nami naliona kubwa kuliko yote. Ukiwa na gari linalopita masika katika kijiji kisichopitika, gari hilo si lako peke yako. Saa nane usiku utagongewa mlango: binti wa jirani ana uchungu, mtoto anahema vibaya, mzee amedondoka. Utabeba maharusi Jumamosi na jeneza Jumatatu. Jiulize kama moyo wako uko tayari, kisha ulitayarishe gari pia: tangi lisishuke chini ya nusu, viti vya nyuma vilaze mtu, blanketi na tochi vikae ndani. Mwenye gari aliyejiandaa hivyo anaokoa maisha, na kijiji kitamtoa kwenye tope kila atakaponasa, bila kumdai hata soda.

Maana utanasa. Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa kulinda misitu ya Aberdare, ambao ulikamilika 2009. Washindani wana saa kumi za kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Hata hao, wenye magari yaliyosukwa upya kwa kazi hiyo, huwa na watu wa kukimbia mbele kwa miguu wakitafuta pa kupita. Basi nawe ukifika penye wasiwasi, shuka, tembea, choma tope kwa fimbo. Beba jembe, kamba nene na ubao wa kuwekea jeki.

Umejibu yote na bado unalitaka? Nenda kwa dalali asubuhi, injini ikiwa baridi. Atakwambia, "Bosi, gari hii haijawahi kusumbua." Mwitikie kwa heshima, kisha lala chini uvunguni. Tazama chesisi kama ina kutu au imechomelewa. Mwombe fundi wako afungue kizibo cha difu, achovye kidole kwenye mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, gari hilo limeshaoga mtoni. Mwambie dalali aunganishe loo na kupanda kilima kilicho karibu, nawe ukae kando yake usikilize. Akisema loo inahitaji "kuzoeleka kidogo", mshukuru, rudisha funguo, nenda yadi ya pili.