Vitabu vya Mlimani Havimjui Wifi

Waandishi wa miongozo ya kutembea milimani ni watu makini. Watakwambia ubebe maji kiasi gani, uvae viatu gani, uanze saa ngapi kabla jua halijapanda, na ramani watakuchorea. Nimeisoma miongozo hiyo mwanzo mpaka mwisho, na sijakuta hata mstari mmoja unaoeleza la kufanya wifi yako anapokuwa juu ya jabali, shoga yako yuko chini ya jabali hilohilo, na wawili hao wamenuniana tangu Nizwa. Naamini walioiandika hawana mawifi. Wanatembea na watu waliojuana nao uwanja wa ndege, ambao wakikosana huagana na kila mmoja akarudi kwao. Sisi tunakutana tena harusini.

Jebel Shams ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, mita 3,000 hivi, na ubavuni mwake ardhi imepasuka ikawa korongo la kwenda chini karibu mita 1,000. Chini huko hakuna mto wa kuusifia. Sehemu kubwa ya mwaka ni mawe na jua tu. Kwenye ukuta wa korongo, baina ya ukingo wa juu na shimo la chini, imening'inia njia nyembamba iitwayo W6. Inaanzia kijiji cha Al Khitaym na kuishia As Sab, mahame yaliyojengwa chini ya mwamba uliotokeza kama baraza. Kwenda tu hazifiki kilomita 4. Watu wenye afya zao huenda na kurudi kwa asubuhi moja. Sisi tuliamua kulala huko, kwa kuwa Dada Mkubwa alisema haendi mahali pa watu kama mwizi, akachungulia na kukimbia.

Msomaji asishangae kukuta wanawake watano wa Kiswahili kwenye majabali ya Oman. Tangu Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, nenda rudi ya pwani hizi mbili haijakatika, na waliorudi Oman baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, walirudi na lugha yao mdomoni. Maskati huwezi kumsengenya dereva wa teksi kwa Kiswahili. Wengi wamejaribu, wakamalizia safari kwa miguu.

Mkuu wa msafara alikuwa Dada Mkubwa, si kwa kuwa anaijua milima, bali kwa kuwa alizaliwa kabla yetu. Aliyeijua milima ni Somo, msichana wa chuo ambaye jina lake na langu ni moja. Ameshapanda Jebel Shams hadi kilele cha kusini, maana cha kaskazini ni cha jeshi. Ana viatu vya kazi hiyo, na simuni ana programu inayomwonyesha kila kona. Lakini ndiye mdogo kuliko sote, kwa hiyo ndiye aliyebeba dumu.

Somo alitutumia orodha kwenye WhatsApp: maji lita 4 kila mtu, mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani, chakula kikavu, na shanta isizidi kilo 10. Dada Mkubwa alimjibu kwa sauti: mashaallah mwanangu, Mungu akuzidishie. Kisha kila mtu akafunga alichotaka. Wifi aliielewa sehemu ya chakula kikavu kuwa ni chakula kisicho na mchuzi, akapika sambusa, katlesi na kachori za kutosha maulidi. Shoga yangu wa Mombasa, aliyekuja Oman kupumzika, akaleta mto wake wa kitandani na achari ya ndimu ndani ya chupa ya kioo. Dada Mkubwa mwenyewe alifunga dele la kahawa, vikombe vyake, mkaa, udi na chetezo cha udongo.

"Chetezo cha nini, Dada?" Somo akauliza.

"Mahame hayakosi wenyewe," akajibiwa, na mjadala ukafungwa.

Mnuno ulianzia Nizwa, tulipotia mafuta. Shoga alimega sambusa ya Wifi, akaitafuna, akatazama ndani yake, akasema kwa upole kabisa kwamba kwao Mombasa huwa wanaweka na nyama. Wifi hakujibu. Wanaomjua Wifi huomba ajibu.

Tulipofika Al Khitaym tulipokewa na mbuzi. Mbuzi wa Jebel Shams wana manyoya marefu na hawana haya. Mmoja aliingiza kichwa dirishani, akamchomolea Somo ratiba aliyokuwa ameichapa kwenye karatasi, akaitafuna kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano na nusu, akaacha kipande chenye chakula cha mchana. Tuliifuata iliyobaki kwa uaminifu. Tulitandika mkeka palepale kando ya gari, tukala, tukaswali, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama tulipovaa shanta.

Hatua chache mbele alikuwapo mzee mwenye kundi lake, akiuza vikuku vya sufi. Kwa kuwa sote tumeshaumbuka Maskati mbele ya mtu tuliyedhani hasikii, tukashika adabu. Tukamsifu kwa Kiswahili cha kusomewa: uso wake wa nuru, mbuzi wake walivyonona, heshima yake iliyo wazi hata kwa mgeni. Shoga akasema laiti angekuwa babu yake, angemjengea nyumba ya ghorofa. Mzee alitusikiliza kwa utulivu hadi tukamaliza, kisha akauliza kwa Kiarabu sisi ni watu wa nchi gani, maana hajaelewa hata neno. Nyuso zetu lakini alizielewa vizuri. Vikuku vile tulivinunua kwa bei ambayo waume zetu hawajaijua mpaka leo.

Njia ya W6 imepakwa alama kwenye mawe, mistari ya njano, nyeupe na nyekundu. Ukiiona, uko njiani. Usipoiona, rudi pale ulipoiona mara ya mwisho. Ni mfumo mzuri sana, ila unamtaka mtu mzima arudi nyuma mbele ya wadogo zake.

"Dada Mkubwa, naona kama tumeziacha alama," alisema Somo, kwa ile sauti ya mkwe anayetaka kusema chumvi imezidi.

"Zinakuja mbele," akasema Dada Mkubwa.

Hazikuja. Tulichokuwa tukifuata ni njia ya mbuzi, na mbuzi haendi mahali. Anakwenda kwenye kijani kinachofuata. Kushoto kwetu palikuwa na hewa tu, mita mia kadhaa za hewa, na ndani yake tumbusi wakizunguka bila kupiga bawa, wale weupe wenye uso wa njano.

"Wamesikia harufu ya sambusa," alisema Wifi, na kusema kweli alikuwa anajaribu kuleta amani.

"Tumbusi hufuata mizoga," akasema Shoga.

Tukaendelea kimya. Njia ya mbuzi ilituteremsha hadi kwenye kijiuwanja cha mawe na kutuacha hapo. Somo akatazama simu, akatazama juu, akasema W6 iko palepale juu yetu. Kati yetu na hiyo njia palikuwa na jabali lililozidi kidogo kimo cha mtu, lenye pa kukanyagia, na chini yake uwanja mpana. Hata ukiteleza utaumiza makalio na heshima tu. Somo alipanda kama anapanda kitanda, akampokea Dada Mkubwa, akampokea Wifi, nami nikasukumwa na Shoga kutoka chini. Akabaki Shoga peke yake, na mto wake.

Mkono haukumfikia. Wifi, aliyekuwa karibu na ukingo, akafungua shanta, akatoa khanga, akaisokota, akaiteremsha. Na khanga, kama ijulikanavyo, haina adabu ya kuficha maandishi yake. Jina lilifunuka mbele ya macho ya Shoga, kwa herufi kubwa nyeusi: HASIDI HANA SABABU.

Shoga alishaishika. Akaiachia.

"Wifi," akaita kutoka chini, naye humwita Wifi kwa kuwa mimi humwita hivyo, "khanga hii umeileta kwa ajili yangu?"

"Ndiyo niliyoikuta juu kwenye begi."

"Na ya chini yake inasemaje?"

"Ya chini yake ni mwenzake. Ni doti. Inasema hivyohivyo."

"Basi nitakaa."

Nikasema nitatoa yangu, lakini yangu ilikuwa imeviringishiwa chupa ya achari chini kabisa ya shanta. Ikabidi kila kitu kitolewe kwanza, na njia penyewe ni ya upana wa mlango. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha kukaa na kumimina kahawa. Huko chini Shoga aliegemeza shavu kwenye jiwe kwa subira ya mtu aliyeonewa, na pua ikiwa juu ya jabali, akapiga ukelele.

"Jamani, huku kuna kombe!"

Zilikuwapo kweli. Ukiweka jicho karibu unaona mikunjo ya gamba, ukingo mwembamba, hata pale bawaba ya kombe ilipokuwa, yote imegeuka jiwe. Somo akaanza kueleza kwamba majabali haya ya chokaa yalikuwa chini ya bahari zama za dinosaria, na baadaye ardhi ikayasukuma juu. Hakuna aliyemsikiliza. Dada Mkubwa akameza kahawa yake, akasema, "Hapa palikuwa bahari," na sote tukasema subhanallah.

Khanga yangu ilipopatikana ilisema MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Shoga aliisoma yote, akaikubali, akapanda. Hapo ndipo Somo alipouliza kama tunataka aitoe na kamba. Alikuwa nayo tangu Maskati. Hakuna aliyemuuliza.

As Sab tuliiona jua likizama. Nyumba zake ni za mawe na udongo, zimebanwa chini ya mwamba ambao ndio dari lao, na dari hilo bado ni jeusi kwa moshi wa majiko ya watu walioondoka. Mbele yake kuna matuta ya mashamba, ngazi kwa ngazi, hadi ukingoni kabisa. Baada ya kitunguu cha mwisho ni shimo. Hapa watu walizaa na kulea. Kabla ya 1970 Oman nzima ilikuwa na shule 3 na kama kilomita 10 za lami. Barabara na shule zilipoanza kujengwa, watu wa mahali pa namna hii walifungasha wakahama, na mimi nisingewabembeleza wabaki. Nilikuwa nimebeba kilo kumi na kitu kwa mchana mmoja na nilishachoka. Wao walipita njia ileile na magunia ya nafaka, na watoto.

Upepo ulianza, na huko juu usiku wa Januari baridi inakaribia nyuzi sifuri. Busara ilikuwa tuingie kwenye chumba kimoja chenye kuta. Dada Mkubwa akasimama mlangoni, akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili. Akangoja kwa muda wa haki. Akapiga ya tatu, akageuka.

"Hawajajibu," akasema. "Ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi."

Somo alifungua mdomo, akaufunga. Tukalala nje, kwa adabu.

Hema liliandikwa kuwa ni la watu watatu, na naamini waliopimiwa walikuwa watoto. Dada Mkubwa aliwasha chetezo kwanza mlangoni, akawafukizia wenyeji na kuwaomba radhi kwa usumbufu. Udi ulinukia mpaka nikasahau ninatetemeka. Kisha upepo ukageuka, cheche moja ikaruka, na hema likapata dirisha la ukubwa wa sahani. Baridi ilipitia hapo. Wakubwa hulala kati, kwa hiyo Wifi na Shoga walitupwa upande mmoja, chini ya dirisha, migongo ikitazamana. Nilisikia wakigombania mto kwa viwiko, kimyakimya, mpaka usingizi ukanichukua. Alfajiri niliwakuta wamejifunika khanga moja, tena ni ileile ya hasidi, na Shoga ndiye aliyekuwa ameivuta zaidi.

Tulipokuwa tunachemsha kahawa walitokea vijana wawili wa Kijerumani, wembamba, kila mmoja na chupa moja ya maji na biskuti za kupimwa. Walikuwa na haraka ya kurudi Maskati. Masikini hawakujua wamekutana na nani. Dada Mkubwa aliwakalisha, akawamiminia, akawapa tende, na kila walipotaka kuinuka kikombe kilikuwa kimeshajaa tena, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba usipokitikisa kitajazwa. Walikula sambusa. Mmoja alikula nne na kusema ni nzuri kuliko alizokula Nizwa. Wifi aliyapokea maneno hayo bila kumtazama Shoga, na naapa hilo lilimgharimu nguvu kuliko njia yote.

Wakati wa kuondoka Dada Mkubwa alimgeukia huyo mla sambusa, akampa chetezo, akamwambia kwa Kiingereza, "Nishikie, mwanangu, mara moja." Kijana akashika. Asichokijua ni kwamba "mara moja" ya mtu mzima haina mwisho wake. Alikibeba njia nzima kwa mikono miwili, majivu yakimpeperukia machoni, huku Dada Mkubwa mbele akitembea mikono mitupu na kumwonyesha alama za njano, nyeupe na nyekundu, kila moja, asije akapotea.

Garini kijana akauliza, kwa heshima, kitu hiki ni cha nini. Sisi wanne tukaanza kupakia mizigo polepole. Dada Mkubwa alishakaa kwenye jiwe, akamwonyesha na yeye pa kukaa, na alikuwa ameanzia kwa babu yake mzaa mama, mwaka aliopanda jahazi.