Kozi ya Uhasibu na Isifiwe

Washairi wa pwani wamesifu jahazi, mnazi, mke mwema na mji uliokufa. Hakuna hata mmoja aliyeisifu kozi ya utangulizi wa uhasibu wa fedha. Nimekaa nayo muhula mzima hapa Lamu, usiku na mchana, na naona ni dhuluma kuiacha ipite bila sifa wakati hata tumbaku imepata mtu wa kuitetea.

Nianze na nasaba yake, maana kwetu hakisifiwi kitu kisichojulikana ukoo. Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko aliyeitwa Luca Pacioli, rafiki wa Leonardo da Vinci, alichapisha mjini Venice kitabu kinene cha hisabati. Ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao: kila muamala mara mbili, kushoto debiti, kulia krediti, na pande zote mbili lazima zilingane. Hakuibuni kanuni hiyo. Aliikuta sokoni akaivika joho. Karne tatu baadaye Goethe, katika riwaya yake ya Wilhelm Meister, alimpa mhusika mmoja maneno ya kuisifu miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kubuniwa na akili ya binadamu. Goethe hakuketi kwenye mtihani wake.

Ukoo huo ulitufikia upesi. Miaka minne tu baada ya kitabu kile, mwaka 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na haukupita muda mrefu Wareno wakamlazimisha mfalme wa Lamu awalipe fedha ili mji usalimike na mizinga. Katika vitabu vyao hayo yalikuwa mapato. Katika vitabu vyetu sijui mwalimu angetaka tuyaweke wapi: gharama za ulinzi, au hasara isiyo ya kawaida.

Sasa fadhila. Nyingi nitazipitia mbiombio. Kozi hii huleta usingizi bila dawa: fungua leja ya wadaiwa baada ya Isha, na muadhini wa alfajiri atakuwa na kazi nawe. Humwokoa mtu na mialiko, kwa kuwa hakuna anayetaka kuketi karibu na mtahiniwa wa uhasibu kwenye karamu ya harusi. Humpa mama mzazi neno la kusema shughulini. Na humfundisha mtu kuwatazama viumbe wa Mungu kwa jicho jipya. Kabla ya kozi, punda wa ami yangu alikuwa punda. Sasa ni mali ya kudumu: ana bei ya kununuliwa, ana miaka ya kutumika, ana thamani ya mabaki siku atakapostaafu, na kila mwaka sehemu yake huhamia kwenye gharama kwa jina la uchakavu. Nilimweleza ami kwamba kwa hesabu ya mstari ulionyooka, nusu ya punda imekwisha. Ami akamtazama mnyama mbele na nyuma, kisha akaniuliza ni nusu ipi, ili apunguze majani.

Punda huyo nilimtoa kichwani mwangu. Kitabu cha kozi hakimjui. Kitabu kina gari la mizigo, na kila baada ya kurasa chache gari hilo hununuliwa, huchakazwa na kuuzwa. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye shehena ya mawe wakikutana, mmoja sharti arudi nyuma. Mwalimu wetu, aliyevuka kwa boti kutoka Mokowe siku bahari ilipompendeza, alituambia gari tulifikirie tu. Tukalifikiria. Tukalichakaza kwa mstari ulionyooka, tukalichakaza tena kwa salio linalopungua, tukaliuza kwa hasara, na hakuna mtu darasani aliyewahi kulipanda.

Lakini hizo ni fadhila za rejareja. Fadhila ya jumla, taji la kozi nzima, ni akaunti ya kusubiri.

Kwa wasiobahatika kuisoma, nieleze. Mwisho wa kipindi mhasibu huandaa urari: hupanga masalio yote ya leja, debiti upande mmoja, krediti upande wa pili, hujumlisha, kisha huomba Mungu. Jumla zikilingana, alhamdulillahi. Zikikataa, tuseme upande mmoja umepungua shilingi 4,300, na saa zimekwenda, na macho yamechoka, hapo hekima ya karne nyingi huja kumwokoa. Unafungua akaunti mpya, unaiita ya kusubiri, unazitia humo shilingi 4,300, na papo hapo pande mbili zinakuwa sawa. Tofauti haijapatikana, lakini imepewa chumba cha kulala.

Tafakarini ukuu wa jambo hili. Kadhi anataka mashahidi, mke anataka maelezo, mwenye duka anataka pesa. Akaunti ya kusubiri haitaki chochote. Mume aliyepewa fedha za samaki akarudi na kifurushi cha miraa hana haja tena ya kusema uongo: fedha hazijapotea, zinasubiri. Nyumba kubwa za mawe zilizofungwa kufuli mtaa wa Mkomani, kwa sababu warithi wametawanyika Mombasa, Jeddah na Muscat na hawaafikiani, si magofu. Ni masalio ambayo bado hayajahamishwa. Boti iliyokwama katika mlango wa Mkanda maji yakitoka, imekwisha kuondoka Lamu na haijafika Pate, nahodha aiandike humo hadi maji yajae, na abiria waache kulalamika. Ugomvi wa mawifi, ahadi ya mchumba, swali alilouliza mtoto kuhusu roho, vyote vina pahali sasa. Wanafalsafa wamehangaika tangu zamani na mambo yasiyojulikana, kumbe walihitaji mstari mmoja katika leja.

Ami hakuridhika. Yeye enzi zake aliuza boriti kwa korja, ishirini ishirini, na hesabu zake zote zilikaa katika daftari moja la shule. Boriti mbili zikipungua kwenye korja, alishuka mwenyewe hadi chini ya jahazi kuzihesabu upya, na nahodha hakung'oa nanga mpaka zionekane au mtu azilipe. Nilipomaliza kumsomea utukufu wa akaunti hii akauliza: “Basi, inasubiri nini?” Nikamjibu kwamba inasubiri ukweli, kwamba kanuni ya kitabu ni kali, akaunti hiyo ni ya muda tu, makosa yatafutwe na yasahihishwe, na salio lake lisifike kwenye mizania ya mwisho wa mwaka. Akasema, “Itasubiri sana.”

Nilimwona ami kuwa mtu wa dhana mbaya, mpaka nilipokwenda kuchukua kadi ya mtihani. “Ndugu yangu, malipo yako hayaonekani kwenye mfumo,” akasema karani, kwa upole wa mtu aliyesema hivyo tangu asubuhi. Nikamwonyesha ujumbe wa simu: tarehe, kiasi, namba ya muamala. Akausoma. Akasema ujumbe huo unaonyesha kwamba fedha zimetoka kwangu. Hauonyeshi kwamba zimeingia kwao. Hayo anayasema mwajiriwa wa chuo kinachonitoza ada ili kinifundishe kwamba hakuna kutoka bila kuingia! Zilitoka, hazikuingia, ziko wapi? Baharini? Na juu yake nikatozwa faini ya kuchelewa kulipa, na faini hiyo, wallahi, mfumo uliiona dakika ile ile.

Msomaji aniwie radhi. Haya ni makala ya sifa, na sifa haziimbwi kwa meno yaliyokazwa. Nirudi kwenye taji.

Nilichotaka kusema ni kwamba chuo changu ni mwanagenzi tu katika fani hii. Mabingwa wako juu. Mwezi Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja Lamu kuzindua mradi wa uchukuzi wa LAPSSET na bandari yake. Bahari ilichimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakapoteza maeneo waliyovua tangu enzi za babu zao. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Fidia je? Baada ya hukumu zikaja rufaa, baada ya rufaa mazungumzo, baada ya mazungumzo orodha, na baada ya orodha uhakiki wa orodha.

Mhasibu mzuri husimama hapo akavua kofia. Upande wa mali, bandari imeandikwa kwa wino mzito: gati, kreni, barabara. Upande wa madeni, yule mtu aliyekuwa na bahari kabla ya gati alipelekwa kusubiri. Lakini mvuvi mwenyewe hana akaunti hiyo. Petroli ya mashine hulipwa leo, nyavu hulipwa leo, na mwenye duka ana daftari lake la mikopo ambalo hulisoma kwa sauti, mbele ya watu, jina baada ya jina.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwahi kuona zama ambazo mali hupotea na daftari lipo, limejazwa vizuri na kupigwa muhuri. Chukueni Katiba yetu ya 2010. Inasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakipimwa kwa hesabu za karibuni kabisa zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Aliyeandika ibara hiyo alifaulu kozi. Ila Bunge lilipochelewa kuidhinisha, hesabu za “karibuni kabisa” zikawa za miaka kadhaa nyuma, na asilimia waliyotangaziwa watu ikaonekana nono kwa sababu imepimwa kwa pato la zamani, lililokuwa dogo. Nasi darasani, kazi ikifika siku moja baada ya tarehe, ni sifuri. Kila mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutaja matumizi ya umma yasiyo na stakabadhi. Nami kijana wa Langoni nikitaka kuajiriwa kupokea nauli kwenye jeti, nitaulizwa cheti cha uhasibu, ili nisije nikapoteza shilingi 50.

Kwa hiyo napendekeza mtihani ujao uliache lile gari likapumzike, na swali la kwanza liwe hili: “Bandari imejengwa mahali pa kuvulia samaki. Mahakama iliamua fidia mwaka 2018. Mmoja wa wadai amefariki akisubiri. Mwanawe anasoma uhasibu, na ada yake haionekani kwenye mfumo. Andaa mizania. Onyesha njia. Alama 20.” Mtahiniwa atakayeona pande hazilingani, akafungua akaunti ya kusubiri na kuendelea na swali la pili, apewe alama zote na barua ya kazi siku hiyo hiyo. Atakayeng'ang'ania kuitafuta hiyo tofauti arudie muhula, alipe ada upya, na risiti aitunze mwenyewe.