Sifa za Merji Isiyotakiwa

Merji mbovu hutukanwa bure. Mtu anabonyeza kitufe Ijumaa jioni, tawi changa linaingia kwenye tawi kuu, majaribio yote yanawaka nyekundu, na lawama zinaishia kwa merji utadhani imejibonyeza yenyewe. Sijaona aliyeitetea. Naitetea mimi.

Kwanza, ina nasaba. Komiti ya kawaida ina mzazi mmoja; merji ina wawili, na ikipenda makuu inazidisha. Mwaka 2014 iliingia moja katika Linux yenye wazazi 66, hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Git mwaka 2005, akaipokea huku akiguna. Ndiyo maana haitenguliwi ovyo kama komiti za walalahoi. Uiandikie git revert kavukavu, Git inakataa: haijui imfuate mzazi yupi. Sharti uongeze -m 1, yaani tubaki upande wa mzazi wa kwanza, lile tawi tulilokuwa tumesimama juu yake wakati wa kumerji.

Pili, inakusanya watu. Hakuna kikao kinachowahiwa kama kile kilichoitishwa na merji mbovu. Hapo ndipo unapomjua mwenzako vizuri, hasa yule anayependekeza git reset --hard na kupushi kwa nguvu, historia iandikwe upya, pasiwe na aliyeona. Kama merji bado iko kwenye kompyuta yako peke yako, ana haki: migongano haijasuluhishwa, git merge --abort; imeshakamilika, git reset --hard ORIG_HEAD, mradi huna kazi ambayo hujaikomiti, maana hiyo itakwenda na maji. Lakini ikishapushiwa, wenzako wameshaivuta. Utaifuta kwenye seva asubuhi, na mchana mmoja wao atavuta, atapushi, na merji itarudi na mizigo yake yote, hata salamu haikupi.

Kwa hiyo kilicho salama ni kutengua kwa revert, inayoongeza komiti mpya yenye kinyume cha mabadiliko na kuiacha merji palepale ilipo. Na hapa ndipo mtetewa wangu anapopata heshima yake kubwa. Revert ni talaka: ndoa inavunjika, lakini haigeuki kuwa haikufungwa. Wiki inayofuata wenye tawi wanarekebisha kasoro, wanaongeza komiti mbili, wanamerji tena kwa mbwembwe. Zinaingia hizo mbili tu. Kazi ya mwezi mzima haionekani, na watu wanaanza kuishuku Git, wengine wanashukiana wenyewe. Git haijakosea. Kwa hesabu yake komiti za zamani zilishaingia kwenye ukoo. Mlichoondoa ni maandishi yake, nasaba imebaki. Aliyetoa talaka rejea hafungi ndoa upya, humrejea mkewe. Basi nanyi itengueni ile revert kwa revert nyingine, kisha ndipo mmerji marekebisho.

Jambo hili lina waraka mzima ndani ya nyaraka rasmi za Git, kwa maelezo ya Torvalds mwenyewe na Junio Hamano, anayeitunza Git tangu mwaka huohuo wa 2005. Nitajieni kosa lenu jingine lililowahi kuandikiwa na wakubwa wawili wa kiwango hicho. Wengine wana makosa ya maana kabisa, yamewagharimu usingizi na mishahara, na hayajapata hata aya moja.

Ombi langu kwa niaba yake ni dogo. Ujumbe wa revert Git hukuandalia, ukitaja komiti iliyotenguliwa, ila sababu haiijui. Iandike. Andika pia kwamba tawi hili likirudi, revert hii itenguliwe kwanza. Jina la aliyebonyeza usihangaike nalo, Git imeshaliweka.